Kiatu cha Kushika Nafasi

Habari za vita vya watu wengine nilifundishwa na fundi baiskeli. Baadaye nilisoma vitabu, nikafanya mitihani, na leo nasimama mbele ya darasa hapa Mikumi nikiwafundisha watoto wa watu Kiswahili na historia. Lakini nikisikia kwamba mji fulani ulikaliwa na jeshi la kigeni, kinachonijia kichwani si kitabu. Kinanijia kibanda cha video cha mjomba wangu kule Kimamba, harufu ya petroli ya jenereta, na yule fundi akitangaza kwenye maikrofoni iliyofungwa kwa mpira wa tyubu: "Hapo sasa, wananchi, adui ameingia mjini."

Kuta za kibanda zilikuwa fito za mkonge zilizokandikwa udongo hadi kiunoni, na juu zilizibwa kwa magunia ili waliokosa kiingilio wasichungulie. Mbele ilikaa televisheni yenye mgongo mkubwa, chini yake deki. Sisi tulikaa kwenye mbao zilizolazwa juu ya matofali, na tuliziita benchi kwa heshima tu.

Sheria ya kibanda ilikuwa moja, na hata walevi waliifuata. Ukitoka kwenda haja au kununua karanga, uliacha kiatu kimoja juu ya benchi. Kimoja, maana ukiacha viwili umetoa sadaka. Kiatu kikiwa pale, hata mtu mzima na tumbo lake hakukaa. Uliweza pia kumshikia nafasi mwenzako ambaye hajafika: unavua ndala moja, unaiweka pembeni yako, unakaa mguu mmoja mtupu mpaka aje. Nimekaa sana mguu mtupu kwa ajili ya mtu mmoja, na habari zake ndizo ninazotaka kuzisimulia.

Alikuwa binti wa wafugaji, rika langu. Boma lao lilikuwa ng'ambo ya reli, na kila asubuhi mama yake alimtuma mjini na dumu la maziwa kichwani. Maziwa yao yalinukia moshi kwa sababu vibuyu walivisafisha kwa kijinga cha moto. Mama yangu aliyanunua huku akilalamika kwamba yameungua. Baba alisema tangu azaliwe hajanywa chai kama ile, na kwa hiyo maziwa yakaendelea kuja.

Siku ya kwanza alipofika mlangoni kwetu, yule mtoto alitua dumu, akamwinamishia mama kichwa, akanyamaza. Mama naye akanyamaza, anasubiri shikamoo yake. Mtoto akazidi kuinama. Mama akachungulia nywele, akauliza, "Una kidonda?" Mtoto hakujibu, Kiswahili alikuwa nacho kidogo sana. Alipoondoka mama akasema, "Katoto kazuri, lakini adabu hakana. Hakasalimii." Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa, hadi baba, ambaye kazi ya reli ilimfikisha kwa watu wengi, alipomweleza mama kwamba kwao mtoto hasalimii kwa mdomo. Analeta kichwa, mkubwa anamgusa utosini. Kumbe mtoto wa watu alikuwa akisimama pale kila asubuhi anangoja kuitikiwa.

Mama aliona aibu kweli. Asubuhi iliyofuata hakusubiri mtoto ainame vizuri. Aliutandaza mkono wote juu ya kile kichwa akasema, "Marahaba, mwanangu," ingawa shikamoo haikuwa imetajwa na mtu. Ikawa ndiyo salamu yao tangu siku hiyo.

Urafiki wetu ulianzia hapo mlangoni, na sikumbuki tuliuanzaje. Watoto hawaandikishani. Nakumbuka tu kwamba ikifika saa ambayo dumu lilikuwa tupu na mimi nimetoka shule, tulikuwa pamoja. Mjomba alimruhusu kuingia kibandani bila kulipa kwa sababu alimwachia kikombe cha maziwa, na mimi niliingia kwa sababu mjomba ni mjomba. Tulikaa benchi la mbele kabisa. Macho yake yalikuwa yakimsumbua tangu wakati ule, mekundu, yakitoa machozi kila mara, kwa hiyo alitaka kuwa karibu. Tena alipenda kuangalia midomo ya watu. Alijifunza Kiswahili kwa kuangalia midomo, yangu na ya mama na ya mjomba. Kwenye sinema midomo ilimtia hasira, kwa sababu maneno ya fundi baiskeli hayakulingana nayo hata kidogo. "Mdomo umefunga," alininong'oneza, "na yeye bado anaongea." Nikamwambia anyamaze, asituharibie sinema.

Fundi baiskeli ndiye aliyekuwa mtafsiri. Mchana alikuwa akiziba pancha chini ya kibaraza cha duka, jioni anashika maikrofoni. Sauti yake ilikuwa nene, na aibu hakuwa nayo. Filamu za Kiingereza alizitafsiri kwa nusu kujua na nusu ubishi. Kisha ukaja ule mkanda wetu. Mjomba alitoka nao Morogoro ndani ya furushi la mikanda mingine, hauna jalada wala jina. Lugha yake hakuna aliyeitambua. Si Kiingereza, si Kihindi, si Kichina cha kupigana ngumi. Mjomba akataka kuutupa. Fundi akasema, "Niachie mimi. Picha inajieleza."

Na picha ilijieleza. Kuna mji mdogo wenye mto na stesheni ya treni, umetekwa na jeshi lenye kofia za chuma. Kuna msichana mwenye mikia miwili ya nywele, mtoto wa mwoka mikate. Kuna mvulana mwenye koti lililomzidi kimo, mtoto wa mtunza farasi wa jeshi lile. Siku moja mvulana analetwa shuleni akae na watoto wa mji. Darasa zima linasogea kuziba nafasi, kila benchi linajaa ghafla. Anabaki amesimama na koti lake. Ndipo yule msichana anauondoa mkoba wake na kuuweka sakafuni.

Hapo kibanda kizima kilikuwa kikishangilia. Fundi alikuwa ameshatuhamishia mji ule Kimamba. Mto aliuita Mkondoa. Mwoka mikate alikuwa "mzee wa maandazi", mtu mwema, mwenye huruma, kila akitokea tulimpigia makofi. Mkubwa wa jeshi mwenye masharubu akawa meneja wa shamba la mkonge, na wazee waliowahi kukata mkonge walimzomea kwa moyo wote. Theluji ilipoanguka fundi alisita kidogo, kisha akatangaza kwamba ni msimu wa sufi. Tukakubali. Kila mtu alikuwa amewahi kuona misufi inavyopasuka na pamba yake kuruka hadi uani. Tulichoshangaa ni kwamba watu wale walivaa makoti kwa ajili ya sufi.

Mwishoni jeshi linaondoka. Mvulana amepandishwa treni, anaangalia dirishani. Msichana yuko stesheni kati ya watu. Kisha uso wake unajaa televisheni nzima, na unakaa hapo muda mrefu bila muziki, bila sauti yoyote. Fundi baiskeli alikuwa mtu wa kazi, na kimya kwake kilikuwa uzembe. Akaipunguza sauti yake, akasema polepole kwa niaba ya yule msichana:

"Nenda. Nitakushikia nafasi."

Sijui neno hilo alilitoa wapi. Labda aliona viatu vyetu juu ya benchi. Nakumbuka mwanamume mzima nyuma yangu alivuta makamasi. Baada ya hapo mkanda ulikuwa umetafunwa na deki, picha inakuwa mistari mitupu, na fundi alimalizia gizani: "Na vita vilipokwisha, wananchi, akarudi, wakakaa pamoja. Asanteni. Tokeni kwa utaratibu."

Tuliiona sinema ile mara nyingi mno kwa sababu mikanda mingine iliharibika. Tuliichezea hata barabarani: mimi nikiwa msichana wa mikia, yeye akiwa mvulana wa koti, amejifunga shuka la kaka yake. Mara nyingine tulibadilishana.

Kisha ikaja ile miaka ya ng'ombe na mahindi. Wanaoijua wilaya yetu ya Kilosa hawahitaji maelezo marefu, na wasioijua nitawaambia machache. Ng'ombe waliingia mashambani. Mashamba nayo yalikuwa yamelimwa kwenye njia ya ng'ombe ya kwenda majini. Mkulima alisema amevamiwa, mfugaji akasema amevamiwa, na wote wawili walikuwa na mzee wa kuthibitisha. Kwenye sinema ilikuwa rahisi: mwenye kofia ya chuma ndiye mvamizi. Kwetu hapakuwa na kofia. Palikuwa na watu waliokuwa wakinunuliana maziwa na unga, ambao sasa walipishana barabarani kila mmoja akiangalia upande wake. Watu waliumizana, wengine hawakupona. Yule mwanamume aliyevuta makamasi nyuma yangu kibandani nilimwona siku moja akinoa panga kwenye ngazi ya nyumba yake, mchana kweupe, akiimba.

Dumu la maziwa liliacha kuja. Chai ikawa ya rangi. Mama, aliyelalamika miaka yote kuhusu moshi, siku moja alikunywa, akakitua kikombe na kusema, "Haina ladha."

Walihama asubuhi. Njia yao ilipita nyuma ya nyumba yetu, na tulisikia ng'ombe kabla ya kuwaona. Majirani walitoka kuangalia, wamekunja mikono. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyeaga. Punda walibeba vyombo na watoto wachanga. Rafiki yangu alikuwa nyuma na ndama, na alipofika usawa wa ua wetu aliondoka kwenye msafara. Alikuja moja kwa moja hadi kwa mama yangu, mbele ya macho yote yale, akainamisha kichwa.

Nilimwangalia mama. Naye aliwaangalia majirani, na nakiri niliogopa. Kisha aliutandaza mkono wake juu ya kile kichwa kama kila siku, akauacha hapo kwa muda. "Marahaba, mwanangu," akasema, kwa sauti ya kusikika. Nimempenda mama yangu kwa mambo mengi, lakini kwa lile nampenda zaidi, na alikufa sijamwambia.

Rafiki yangu akanigeukia. Nilikuwa sijawahi kuagana na mtu ambaye sitamwona kesho, kwa hiyo sikuwa na maneno yangu. Nikasema niliyokuwa nayo:

"Nenda. Nitakushikia nafasi."

Aliniangalia usoni kwa yale macho yake mekundu, jinsi alivyokuwa akiangalia televisheni, kisha akawakimbilia ndama. Walikuwa wanaelekea Kidodi, wavuke Ruaha, zaidi ya hapo hawakujua.

Kwa muda niliendelea kuweka ndala pembeni yangu kibandani. Mjomba aliiona. Hata siku za kujaa hakuniambia niitoe, alisimama yeye. Halafu watu wakanunua televisheni zao, kibanda kikawa stoo ya mahindi, fundi akahamia Dar es Salaam na sauti yake. Mimi nikasoma, nikaajiriwa, nikaolewa, nikaletwa Mikumi, mahali ambapo mabasi husimama watu wale chipsi na nyani hukaa pembezoni mwa barabara wakiwakadiria abiria. Nilizaa binti mmoja. Alipokuwa mdogo nilimsimulia ile sinema badala ya hadithi za sungura, na kila mara nilimalizia kwa neno lile na kwa mvulana kurudi.

Huyo binti sasa anasoma chuo Morogoro. Likizo ya mwaka juzi tukiwa tunachambua mchele, akaniuliza, "Mama, ile sinema yako inaitwaje?" Nikamwambia haina jina. Akacheka, akashika simu, akawa ananihoji kama polisi: vita gani, farasi walikuwaje, treni ya namna gani. Kabla mchele haujaisha akaniwekea simu mbele yangu, na mle ndani alikuwemo msichana wa mikia. Nilipiga kelele hadi jirani akaja.

Ningejua nisingeiangalia. Safari hii ilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini, na mimi ni mwalimu, nikajifanya hodari nikakaa na kamusi. Mzee wa maandazi, tuliyempigia makofi miaka yote ile, kumbe ndiye aliyekuwa akipeleka majina ya majirani kwa jeshi. Nikameza. Mto haukuwa Mkondoa, hilo nililitegemea. Lakini tulipofika stesheni, ule uso ulipojaa kwenye kioo, niliangalia chini kusubiri maandishi, na maandishi hayakuja. Hata herufi moja. Msichana yule hasemi kitu.

Tena sinema haikuishia pale ilipoishia mistari yetu. Kuna kipande kingine. Msichana amekuwa mwanamke, amekaa stesheni kwenye benchi. Mtu mmoja alishamwambia kwamba treni ile haikufika ilikokwenda. Anakuja abiria na sanduku lake, anauliza, "Kuna mtu hapa?" Mwanamke anaangalia ile nafasi pembeni yake. Anajibu, "Hakuna mtu." Abiria anakaa. Basi, imeisha.

Nililia kwa hasira. Binti yangu alidhani ninaugua. Nilihisi nimeibiwa kitu ambacho mwizi mwenyewe ndiye aliyenipa, na sikujua nimkasirikie nani. Miaka yote nilikuwa na hakika kwamba siku ile nyuma ya nyumba nilimwambia rafiki yangu neno lenye uzito, neno ambalo watu wawili kwenye vita vya kweli waliambiana na likatimia. Kumbe nilimpa porojo za fundi wa pancha.

Mwaka huu, mwezi wa mfungo ukiwa umeisha karibuni, nilikwenda hospitali kupimwa presha. Walimu wote tuna presha. Ni sehemu ya mshahara. Kwenye baraza la wagonjwa wa macho palikuwa na benchi refu limejaa, watu wamesimama, ila katikati palikuwa na nafasi moja wazi, na juu yake kimelala kiatu. Katambuga ya tairi, kimoja. Nesi akawa anafoka, "Kiatu cha nani hiki juu ya benchi? Hapa ni hospitali au msikitini?"

"Cha kwangu, nesi," mwanamke wa pembeni akajibu, amejifunga shuka, kichwa amekiinamisha kukwepa mwanga. "Namshikia nafasi mkwe wangu, amekwenda kunywa maji."

Sikumtambua sura. Nilitambua mguu mmoja mtupu juu ya saruji. Nilisogea nikasimama mbele yake kama mjinga, nikasema, "Maziwa yako bado yananuka moshi?"

Aliinua uso. Macho yalikuwa yameharibika, kope zimejikunjia ndani zinakwaruza mboni, anaona ukungu tu. Akanyoosha mkono akanigusa mdomo, kisha shavu, kisha akanikumbatia kwa nguvu hadi nesi akaacha kufoka. "Milima haikutani," nesi akasema kwa upole, akaenda zake. Mimi nililia wazi mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu. Kama ni presha, ilipimwa vizuri siku ile.

Kumbe miaka mingi walikuwa ng'ambo ya Ruaha, kisha mume akafa, watoto wake wakarudisha mifugo huku, na sasa yuko upande wa Kisanga. Hapo na Mikumi ni mwendo wa nusu siku kwa bodaboda. Alikuja kupasuliwa kope. Tulipokuwa tunangoja aliniambia jambo lililonichoma. Alipoolewa mbali, alipozika watoto, alipokuwa mgeni kwenye kila kijiji walichopita, alikuwa akijiambia kwamba kuna mahali nafasi yake imeshikwa. Wanawe amewasimulia ile sinema hadi wanamkimbia. "Na mwisho wake wanaujua," akasema. "Akarudi. Na mimi si nimerudi?"

Nikaitikia, "Umerudi." Moyoni nilikuwa nimepata baridi.

Walimpasua kope za macho yote mawili, wakayafunga bandeji hadi kesho yake. Nikamchukua kwangu. Mkwe wake alikaa uani na mtoto wake mchanga, na sisi wawili tukakaa sebuleni, yeye kwenye kochi, amefungwa macho kama mtoto anayecheza kombolela. Nilimpa chai ya maziwa ya dukani; akanusa, akasema haina moshi, akainywa kwa adabu. "Mgeni siku mbili," akaniambia. "Ya tatu nipe jembe, nitalima bila kuona." Tulicheka sana mchana ule.

Kisha akasema, "Binti yako aliponipigia kunisalimu, ameniambia ile sinema iko ndani ya simu."

Nilimlaani binti yangu kimoyomoyo, na salamu zake za simu. Nikasema, "Lakini huoni."

"Wakati ule nilikuwa nasikia Kiswahili? Niambie wewe. Uwe fundi baiskeli."

Basi nikafunga pazia, nikaiwasha. Nilikaa karibu naye, nikaikaza sauti, nikaanza: "Hapo sasa, wananchi, adui ameingia mjini." Akapiga makofi. Nilimpa vyote kama tulivyopewa. Mto nikauita Mkondoa. Theluji ikawa sufi. Mzee wa maandazi nikamwacha na wema wake, ingawa ulimi ulitaka kukwama. Msichana alipouweka mkoba sakafuni rafiki yangu alinishika goti. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa na hofu, maana treni ilikuwa inakuja na sikuwa nimeamua. Nikisema ukweli, ninamnyang'anya neno lililomvusha mito. Nikidanganya, ninamdanganya mtu aliyefungwa macho, kwenye kochi langu.

Uso ukajaa kwenye kioo. Kimya kikaingia. Alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja. Nikapunguza sauti, nikasema, "Nenda. Nitakushikia nafasi."

Akashusha pumzi.

Pale ndipo ningezima. Kidole kilikuwa tayari, lakini muziki wa kipande cha mwisho ulianza, naye akageuza shingo. "Huu hatukuwahi kuusikia," akasema. Benchi la stesheni likatokea, na yule mwanamke, na abiria na sanduku lake. Nilifungua mdomo nimrudishe yule mvulana, kama nilivyomrudisha kwa mwanangu mara zote, na sauti ikakataa.

"Mbona umenyamaza?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba treni haikufika, kwamba msichana anazeeka peke yake, kwamba anaulizwa kama pana mtu na anajibu hakuna. Nilimwambia hata ya mzee wa maandazi. Nilipoanza nilishindwa kusimama. Mwisho nikamwambia lile lililokuwa likinila: "Na lile neno halimo. Msichana hasemi lolote. Ni fundi alilitunga mwenyewe kwa sababu hakupenda kimya. Mimi nilikuaga kwa maneno ya uongo."

Mkono wake ukapanda kwenye bandeji, nikauwahi nikaushika, maana nesi alikataza asijiguse. Tulikaa hivyo. Nje mkwe wake alikuwa akimwimbia mtoto.

"Kwamba hasemi nilijua," akasema.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu kibandani. Si tulikaa benchi la mbele? Uso ule ulikuwa mkubwa kama mlango, na mimi nilikuwa naangalia midomo. Yule mtoto hakufungua mdomo. Mara zote tulizoiona, hakufungua."

Nikamuuliza, nikiwa karibu kukasirika, kwa nini basi alilibeba neno lile Ruaha nzima, kwa nini aliwachosha nalo wanawe, kama alijua ni la fundi baiskeli.

Akanikaza mkono.

"Wewe ulifungua," akasema. "Siku ile tunahama, nilikuangalia. Wewe ulifungua mdomo."